Nahum Amedi, Aliyeomba Sahani Moja ya Bitiruti

Sogeeni karibu, sauti yangu ni ndogo na kilima hiki cha makaburi cha Givat Shaul kina upepo. Sasson, mdogo wetu wa mwisho, alitaka wasifu mfupi wenye maneno matamu. Basi angeusoma yeye. Nasoma mimi, Nazima, dada mkubwa wa marehemu, na sitamvika mtu kilemba cha ukoka, hata aliyelala hapa.

Marehemu Nahum Amedi alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kambi ya wahamiaji ya Talpiot, hapa Yerusalemu, mtoto wa pili wa Mzee Murdakhai Amedi na Bi Zilka, ambao walikuwa wametoka milima ya Wakurdi na matandiko yao na kisu cha kuchinjia. Baba alikuwa mchinjaji wa kuku mwenye idhini ya marabi. Alijivunia kisu kile kuliko alivyojivunia sisi.

Alianza shule ya msingi Katamonim mwaka 1959. Hakuwa na akili za kutisha, tusidanganyane; alichojaliwa ni ubishi. Mwaka 1962, siku ya kuamkia mfungo wa Yom Kipur, baba alimzungushia jogoo juu ya kichwa kama desturi yetu ilivyo, akatamka kwamba jogoo anakufa badala yake. Kabla jua halijazama jogoo akaja mezani juu ya wali, na Nahum akasukuma sahani.

"Kula, mfungo unaingia."

"Baba, si umesema amekufa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Sasa nitamlaje aliyenifia?"

Tulicheka sote. Baba alimzaba kofi, na mtoto wa miaka tisa akaingia kwenye mfungo akiwa na njaa. Tangu hapo hakula nyama kwa hiari yake.

Alimaliza shule ya ufundi mwaka 1971, akatumikia jeshi, kisha tangu 1975 hadi alipougua alikuwa fundi wa majokofu katika soko la Mahane Yehuda. Ndiyo, yeye asiyekula nyama ndiye aliyezipoza nyama zenu. Wenye bucha walimwita daktari wa maiti. "We daktari, wagonjwa wameanza kunuka!" walimpigia kelele. Naye alijibu, "Waambie watulie, wameshakufa, haraka ya nini?"

Alifunga ndoa na Varda Tsabari tarehe 6 Septemba 1979. Karamu ilikuwa ya biringanya, bamia na wali, na wageni walinung'unika mpaka asubuhi. Baba alivuka barabara na suti yake ya harusi, akasimama kwenye kibanda cha mishikaki akila taratibu, ili kila anayeingia ukumbini amwone. Ndoa ilijaliwa watoto wawili, Ohad na Limor.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jioni ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1984, marehemu alikuja kwa baba akiwa na Varda, Ohad na bitiruti moja iliyochemshwa. Aliomba kitu kimoja tu: kwenye sahani ya Pasaka, mahali pa mfupa wa kondoo wa kukumbuka kafara, iwekwe bitiruti. Hakulitunga kichwani. Alikuwa na kitabu, na mwanazuoni wetu wa kale ameandika kwamba bitiruti na wali vinatosha badala ya nyama. Baba aliusoma ukurasa wote. Akakubali kwamba umeandikwa hivyo. Halafu akaichukua bitiruti akaitupa nje ya dirisha.

"Huyo aliyeandika akuandalie na meza. Hapa kwangu ni mfupa."

"Baba, basi uache mfupa, na bitiruti ikae pembeni."

"Ule tonge moja la nyama kwanza, nikuone."

Nahum alimchukua Varda na Ohad mdogo wakaondoka, kabla hata mtoto hajauliza yale maswali ambayo mdogo wa meza huuliza kila Pasaka.

Mwaka 1996 Sasson alimwambia kwamba baba amelainika, aje jioni ya Rosh Hashana, mwaka wetu mpya, na kibbe, yale madonge ya ngano ya kujazwa nyama, safari hii zitajazwa uyoga. Alikuja mbio, maskini. Alikula mbili, akasifu.

"Tamu?" Sasson akauliza.

"Tamu sana."

"Basi umemla kondoo, kaka. Karibu nyumbani!"

Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Usiku wa sikukuu hatupandi gari, kwa hiyo marehemu alirudi kwake Nahlaot kwa miguu, akitapika njia nzima. Usiangalie chini, Sasson. Nimekutaja kwa sababu umo.

Januari mwaka huu wa 2017 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Wapo waliosema ni mboga zimemwua. Wengine wamesimama hapa. Wiki ya Sikukuu ya Vibanda baba alikwenda hospitalini na sufuria ya supu ya kuku. Alikaa kwenye benchi la chini, sufuria mapajani, akasema hapandi mpaka Nahum akubali kuinywa supu. Nilipanda mimi.

"Amekuja?" Nahum akaniuliza.

"Yuko chini."

"Na sufuria?"

"Na sufuria."

"Mwambie aje mikono mitupu, dada. Hiyo tu."

Nilishuka, nikamwambia. Baba aliinuka akaenda kupanda teksi na sufuria yake. Nahum alifariki jana, Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2017, na hawakuonana.

Ameacha mjane, Varda, watoto, Ohad na Limor, wajukuu watatu, baba na mama, mimi na Sasson. Mama, aliyempelekea bamia kwa basi miaka yote akisema anaenda kwa daktari, tumpe kiti akae.

Mzazi mwenye maiti haruhusiwi nyama wala divai mpaka azike, na baba ni mtu wa sheria. Leo asubuhi niliwawekea wazazi mkate, zeituni na nyanya. Tukitoka hapa majirani watatuletea mayai na dengu, kama kawaida ya msiba. Asubuhi ile baba aliitazama meza yake yote, akasema:

"Hii Nahum angekula."

"Angekula, baba," nikamwambia. "Ungemwita."

Lala, mdogo wangu. Mungu akupe pumziko ambalo sisi hatukukupa.