Mama Msasa na Alama ya Kikombe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja mliokuja huku mikono yenu ingali na harufu ya vanishi, asanteni kwa kufika. Tunamsindikiza mama ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mama Msasa. Wengi pia mlidhani jina hilo lilitokana na kazi yake. Halikutokana na kazi. Alipewa na mtoto aliyekuwa amemkasirikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba iliyopakana ukuta kwa ukuta na karakana ya baba yake, seremala. Mama yake alikuwa mshonaji. Alikua akisikia randa upande huu na cherehani upande ule, na alikuwa akisema kwamba hadi ukubwani, kukiwa kimya kabisa, hapati usingizi. Baba yake hakupenda watoto wa kike waguse misumeno, lakini kipande cha msasa hakumnyima mtu. "Huu hauumi," alimwambia. "Sugua tu." Akasugua.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, alikomaliza mwaka 1975. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Miaka miwili baadaye alihitimu chuo cha uhazili, akaajiriwa kuwa mpigachapa katika ofisi moja ya mizigo. Alipiga chapa hadi mwaka 1991, kompyuta zilipoingia na wapigachapa wakaambiwa asante. Siku ya kuondoka kila mmoja alipewa saa ya ukutani. Yeye aliikataa, akaomba meza yake mbovu iliyovunjika mguu. Mumewe, fundi umeme, alimkuta mlangoni akiishusha meza hiyo kutoka kwenye mkokoteni.

"Umeachishwa kazi, ukaja na meza?"

"Sikuachishwa. Nimehama na ofisi."

Meza hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuuza. Aliiosha kwa maji ya sabuni, akaianika, akaiunga mguu, akaiziba nyufa, akaipiga msasa, akaipaka rangi ya kijani kibichi. Kisha akakata maua na ndege kutoka kwenye kalenda zilizokwisha mwaka na karatasi za zawadi, akayabandika juu kwa gundi iliyochanganywa na maji, akiisukuma hewa kwa vidole kutoka katikati kwenda pembeni, na mwisho akayafunika kwa vanishi. Mumewe aliizunguka mara mbili. "Hii ni kumvisha maiti suti," akasema. Wiki hiyo hiyo ikanunuliwa, na mume akakoma kusema, akaanza kubeba.

Lakini hapa tumeitangulia hadithi, maana jina lilikuja kabla ya kazi.

Mwaka 1986, tarehe 22 Novemba, marehemu alifunga ndoa na huyo fundi umeme, ambaye alikuwa amefiwa na mke na kuachiwa binti wa miaka minane. Bibi arusi aliingia katika nyumba yenye vyombo vya mwenzake aliyetangulia. Hakulalamika. Alifanya alilolijua: alisafisha. Sebuleni kulikuwa na meza ndogo ya mbao, imefifia, na juu yake alama nyeupe ya duara, ya kikombe cha moto. Binti wa seremala akiona alama ya kikombe juu ya mbao huwashwa mikono. Mtoto alipokuwa shule, aliisugua hadi ikatoweka, akaipiga vanishi, akakaa akingoja kupongezwa.

Mtoto aliingia, akaweka begi chini, akapitisha kidole juu ya meza.

"Kikombe cha mama kiko wapi?"

"Kikombe gani, mwanangu?"

"Alikuwa anakiweka hapa. Umemfuta mama yangu."

Marehemu alisema kwamba katika maisha yake hakuwahi kusikia sentensi nzito kama ile. Kesho yake alichemsha chai, akamimina kikombe kikajaa, akakisimamisha pale pale huku vanishi haijakauka vizuri. Kilipoinuliwa kiliacha duara, zuri tu, jeupe. Akamwita mtoto. Mtoto akatazama, akatikisa kichwa. "Hiyo si yake. Hiyo ni yako." Kuanzia hapo hakumwita mama, wala mama mdogo, wala shangazi. Alimwita Mama Msasa, kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Majirani waliposikia wakaona ni jina tamu, wakalichukua. Marehemu hakuwahi kulikataza. "Acha aniite," alimwambia mumewe. "Anayekuita hajakuacha."

Tangu siku ile hakugusa kitu cha mtu kabla ya kuuliza. Mteja akileta kabati au kiti, swali la kwanza halikuwa rangi wala bei. Lilikuwa: "Nisifute wapi?" Wengi walicheka. Kisha waliinama, wakaonyesha. Mwalimu mmoja mstaafu alionyesha mahali wanawe walipochonga vimo vyao kwenye ubao wa kabati. Mwingine, mguu wa kiti uliotafunwa na mbwa aliyekwisha kufa. Yeye alipaka rangi na kubandika maua kuzunguka pale, na pale penyewe akapaacha wazi.

Binti alisoma, akafika chuo, akaajiriwa. Mwaka 2004, alipokuwa anahamia kwake, alirudi na gari la mizigo, akaomba ile meza ndogo.

"Ipake rangi kama unavyopaka za watu. Ubandike maua."

"Nisifute wapi?"

"Duara la mama."

"Mama yako nilishamfuta, mwanangu. Hili lililopo ni langu."

"Ndilo ninalolisema," akajibu binti, "Mama."

Neno Msasa lilidondoka hapo hapo, na marehemu akaenda nyuma ya nyumba, akadai anatafuta brashi. Brashi ilikuwa mkononi mwake.

Mwaka 2021 kifua kilianza kumsumbua. Daktari alimkataza vumbi. "Na wewe nikikukataza wagonjwa?" alimuuliza, lakini alitii, kusugua akawaachia wanawe wawili wa kiume, aliowazaa katika ndoa hiyo, yeye akabaki na mkasi, akikata ndege akiwa ameegemea mito. Miezi ya mwisho alihamia kwa binti yake. Tarehe 3 Septemba 2024, alasiri, aliomba chai, akanywa kidogo, akakirudisha kikombe juu ya meza ile, ndani ya duara lake, bila kutazama, kama mtu anayejua mlango wa nyumba yake. Hakukiinua tena. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na wana wawili, wakwe, wajukuu sita, dada yake mshonaji na kaka yake mdogo, pamoja na viti vinne ambavyo vanishi yake haijakauka, na wenyewe wanaombwa wavumilie.

Meza iliyobeba picha yake hapo mbele ndiyo hiyo. Asubuhi hii shangazi mmoja mwenye nia njema alikuja na kitambaa na sabuni, maana wageni wanakuja. Binti akamshika mkono. Mtakapopita kumuaga, mtaona maua, ndege, na katikati mbao tupu yenye duara jeupe. Tunawaomba msiweke chochote juu ya duara hilo.

Maisha yake yote alituuliza asifute wapi. Hapo.

Apumzike kwa amani.