Kunde ya Nahla

Kama umepita njia ya Wambaa baada ya alasiri umetuona, na pengine umetusema. Sie ndo wale tunaokaa kwenye ukuta wa saruji mbele ya duka lililofungwa, tukibishana. Mie Rajab ndiye mwenye dele la kahawa, na kwa kuwa dele ni langu nina haki ya kusema kwamba hawa watu wananichosha. Yupo Kificho, tunayemwita Waziri kwa sababu hakuna jambo la serikali asilolijua kabla ya serikali yenyewe. Yupo Usama, fundi wa pikipiki, hapa jina lake Injinia. Na yupo Shaame. Shaame naye alikuwa na jina la utani, ila tumeacha kulitumia tangu mkewe Nahla alipofariki na mtoto tumboni, wakiisubiri gari ya wagonjwa. Zamani gari hiyo ilikuwa ikilala hapa hapa kwenye kituo chetu cha afya. Ikahamishiwa njia panda ya juu, kwa hesabu za binti mmoja wa chuo kikuu, Khairiya.

Jana Injinia ndiye aliyeanza.

— Kompyuta ya yule Khairiya ilikuwa inachemka. Mie niliigusa. Mashine ikichemka inatoa majibu ya homa.

— Mashine ni nzima, alisema Waziri. Ubovu umo kwenye hesabu zenyewe. Zile zinaitwa hesabu za kutafuta kilicho bora. Haya, bora kwa nani? Bora kwa walio wengi. Sie wachache tukatupwa.

— Sie wachache, yakhe? Ukipita hapa asubuhi watoto wanaokwenda skuli wanakuzibia njia.

— Ndo nakwambia. Basi hakupima barabara. Alipima juu kwa juu, kama anayekwenda kwa ndege.

— Barabara aliipima. Nilimpakia mie kwenye pikipiki, mpaka mashimo aliyaandika.

Waziri akanywa kahawa yake, akafikiri. Akifikiri huyu mtu, jitayarishe.

— Basi hesabu hizo zimetoka nchi ambazo watu hawazai, akasema. Zinajaribiwa huku kwanza. Zikishakubali, wanazipeleka kwao.

— Mie nimesikia jengine, alisema Injinia. Ni satalaiti. Ikifika juu ya kijiji hiki inaona mikarafuu tu. Paa hata moja haioni. Kwa hiyo kwenye kompyuta sie ni shamba.

 Kikombe cha Shaame nilikijaza mapema na kilikuwa kimepoa mkononi mwake. Niliona uchungu, maana walikuwa wanamtetea yeye kwa maneno hayo, na hakuna hata moja lililomfaa.

Katikati ya mabishano akafika mgeni na begi begani. Alikuwa Hudhaifa, kaka yake Nahla, seremala wa Unguja. Maziko hakuyawahi. Alishuka Mkoani na boti ya asubuhi kwa ajili ya hitma ya marehemu. Tukaitikia salamu yake, tukampa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Shaame walishikana kwa muda. Kisha akakaa, nikammiminia.

— Nielezeni, alisema. Huko kwetu nimeambiwa kompyuta ndo iliyoiondoa gari. Mie sijaelewa.

Wakafungua midomo wote wawili, nikawanyamazisha. Nikamweleza mie. Khairiya ni mtoto wa Mkoani, na utafiti wake ulikuwa huu: gari ni moja, vijiji vingi, iwekwe wapi ili mwanamke akizidiwa asingoje sana? Vijana wake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Halafu akatuita skuli atuoneshe. Akatandika mkeka, akapanga barabara kwa kamba, akamwaga kunde. Kila kunde ni mama mwenye mimba aliyetajwa kwenye nyumba yake. Akachukua kikombe, ndo gari, akawa anakisogeza. Kikizikaribia kunde hizi kinaziacha mbali zile. Kompyuta, alisema, inakisogeza vivyo hivyo, mara nyingi kuliko mkono wa mtu unavyoweza, mpaka ipate pahala ambapo ukijumlisha kungoja kwa wote ni kudogo kabisa. Kikombe kikatulia njia panda.

— Vijana wenyewe hawakuwa na adabu, aliingilia Waziri. Unabisha hodi nyumba ya mtu, unauliza nani mjamzito? Mie niliwaambia kwangu hakuna.

— Na mkweo Laila? aliuliza Injinia.

— Alikuwa nayo, ndiyo. Sasa mimba inatangazwa? Macho ya watu unayajua wewe.

— Kweli. Hata mie nilisema hakuna. Mke wangu angenigombeza.

Huku kwetu ndivyo. Mimba haitajwi, isije ikapatwa na husuda. Tumbo likishajitokeza, mwenye heshima anatazama pembeni, na mama mtu anajifunika kanga ya pili. Kila mwenye mke hapa barazani angejibu hivyo hivyo, na angejiona amefanya jambo la maana.

Hudhaifa alikuwa amesita kunywa. Alimtazama Waziri, akamtazama Injinia, kisha akaweka kikombe chini taratibu.

— Siku ya mkeka nyie mlikuwepo?

— Sote, alisema Waziri. Mpaka Shaame.

— Upande huu wa kijiji chenu palikuwa na kunde ngapi?

 Injinia akaanza kukwangua grisi kwenye ukucha. Mie nilikuwa nimelishika dele, nikauona tena ule mkeka, na kamba ya njia yetu imenyooka peke yake mpaka mwisho. Khairiya alituuliza siku ile kama huku kweli hakuna hata mmoja. Tulicheka, tukamwambia wake zetu ni wazee.

Hudhaifa aligeuka kwa shemegi yake. Hakupandisha sauti.

— Shaame, kunde ya mdogo wangu iliwekwa wapi?

Mtu wa baiskeli akapita, akatoa salamu, hakuitikiwa. Waziri alikuwa ameinamisha kichwa. Nililiinamisha dele nimwongeze mgeni, yakatoka machicha.

— Nilikuwa namkinga na macho ya watu, alisema Shaame.