Kitambaa Kimoja Juu ya Meza Mbili

Bwana asifiwe! Na nyinyi wa viti vya nyuma, Bwana asifiwe! Mume wangu ameniomba leo niongee kwa sauti ya chini, na mnaona nimeshindwa kabla hata sijaanza. Atanisamehe. Sababu ya kuniomba hivyo nitawaambia mwishoni.

Kwa wageni, mimi ni Mama Neema. Kwetu ni Magharibi mwa Kenya, lakini sasa naishi hapa Brooklyn Center, na kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba moja kule Inver Grove Heights. Nimeokoka tangu nikiwa msichana. Nalisema hilo mapema msije mkadhani nitasimulia habari za ulevi na waganga. Sikuwa huko. Nilikuwa hapa hapa, naimba kwaya, napika chapati za mkutano wa akina mama, na nikirudi nyumbani nalia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa ili mume wangu asinisikie.

Ndugu zangu, Neema ni mtoto wetu wa pekee. Alimpata kijana wa hapa Minnesota, anaitwa Erik, mtoto wa wakulima, mpole mpaka unajiuliza kama amekusikia. Wakaenda kwa hakimu, wakaoana, wakatupigia simu wakicheka kwa furaha. Wao walidhani wametuletea habari njema! Baba Neema alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu mezani, akatoka nje kwenye baridi bila koti.

Wengine mtaniuliza, shida iko wapi, si wameoana kihalali? Kwetu mambo hayaendi hivyo. Watu wa kijana ndio wanakuja kwanza. Wanapiga hodi, wanakaribishwa, wanasema wametumwa na nini. Kabla ya hapo, mzazi wa msichana hali chakula nyumbani kwa mkwe. Hata maji hanywi. Si kwamba Baba Neema alitaka mali ya mtu, hapana. Alitaka kuulizwa. Alitaka mtu mmoja tu aje mlangoni kwake aseme, "Mzee, tumeona ua katika nyumba yako." Na wazazi wa Erik, maskini, wangejuaje? Walikuwa wanasubiri kualikwa, na sisi tunasubiri hodi.

Basi Baba Neema akakaza uzi. Akasema hatakanyaga Lakeville, ambako watoto walikuwa wamehamia, na Neema asije kwake mpaka utaratibu ufuatwe. Neema naye ni binti wa baba yake, kichwa kigumu vilevile. Alisema, "Mum, I'm not sorry for getting married," yaani hajutii kuolewa. Na mimi nikabaki katikati.

Mnajua nilikuwa namwona wapi mwanangu? Kwenye maegesho ya supamaketi! Mimi nakuja na gari langu na bakuli la samaki, yeye anakuja na gari lake, anaingia kwangu, anakula huku hita ikiunguruma, ananishika mkono, anaondoka. Hata mimba yake niliijua hapo hapo, alipokataa samaki. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mtu aliyekuwa anapita na toroli akasimama kuuliza kama tuko salama.

Jamani, nilifunga. Niliomba. Wachungaji wawili walikuja nyumbani kwa nyakati tofauti. Baba Neema aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawasikiliza, akawasindikiza mpaka kwenye gari, na hakubadilika hata kidogo. Dada yake alipiga simu kutoka nyumbani Kenya akamsihi, nayo haikusaidia. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikamwambia Mungu, mimi nimechoka, kama una njia nyingine itumie wewe, mimi yangu yameisha.

Sasa sikilizeni njia aliyoitumia Bwana, maana mpaka leo nikiwaza nashika mdomo.

Kazini kulikuwa na bibi mmoja Mmarekani, msomaji mkubwa, macho yalikuwa yameanza kufifia. Siku moja akanipa kitabu, akaniambia nikichukue, yeye amekimaliza na amelia vya kutosha. Nikatazama jalada. Msichana kavaa kofia nyeupe ya kitambaa, nyuma yake shamba na farasi. Kitabu cha mapenzi! Mapenzi ya Waamishi, wale Wakristo wasiotumia umeme wala magari, wanaotembea na mikokoteni ya farasi. Nilikipokea kwa heshima tu. Moyoni nikasema, mimi na shida zangu hizi nikasome nani amempenda nani?

Lakini mnajua akina mama wa kundi letu huwa wanakutana Jumamosi alasiri kwangu. Mama Furaha, ndugu yetu kutoka Kongo, akakiona juu ya friji, akasema, "Soma, Mama Neema, tusikie. Kiingereza cha kitabu kinanishinda, wewe tuletee kwa Kiswahili." Nikaanza. Nasoma ukurasa kwa macho, nausema kwa Kiswahili. Theluji ilikuwa imejaa mpaka dirishani, chai ipo, tukanogewa.

Wueh, maoni yao! Dada Wambui, muuguzi wetu, hakupenda hata kidogo. "Kurasa zote hizi na hajamshika hata mkono? Hii ni mapenzi au ni mkutano wa maombi?" Mama Furaha akamjibu, "Ndiyo mapenzi hayo! Wewe unataka washikane halafu ukurasa wa kumi hadithi iishe?" Lakini Mama Furaha naye alikuwa na lake. Kila mwandishi alipoanza kusifu uzuri wa taa ya mafuta, yeye aliguna. "Mimi nimekaa kwenye kambi ya wakimbizi miaka bila umeme," akasema, "na sikuona kitu kizuri ndani yake. Huyu aliyeandika ana swichi ukutani." Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Na Baba Neema? Yeye alikuwa jikoni. Nyumba yetu ni ndogo, jikoni na sebuleni ni kitu kimoja. Mara ya kwanza alisema, "Watu wazima mnasoma upuuzi," akachukua bisibisi kutengeneza mlango wa kabati. Jumamosi iliyofuata yuko tena na bisibisi, mlango ule ule. Halafu siku moja, kabla wenzangu hawajafika, akaniuliza huku anatazama pembeni, "Yule seremala wa kitabuni amesharudi?" Nikamwambia bado. Akasema, "Atarudi. Ni mtu wa maana."

Niliogopa hata kupumua.

Ndugu zangu, tukafika mahali ambapo yule binti wa Kiamishi ameolewa na seremala wa nje ya kanisa lao. Wao wana desturi yao: aliyebatizwa akatoka, hawali naye meza moja. Binti anarudi kumwona mama yake mgonjwa. Ni wakati wa chakula. Yule mama anafanya nini? Anaweka meza mbili karibu karibu, katikati anaacha nafasi ya upana wa kidole, ili sheria iwe imefuatwa. Halafu anachukua kitambaa kimoja kikubwa, anazifunika zote mbili. Ukitazama unaona meza moja. Binti anakaa upande mmoja, baba yake upande wa pili, na chini ya kitambaa kuna ile nafasi. Baba anakula akitazama sahani.

Nilipofika hapo niliacha kusoma. Wenzangu walidhani natafuta neno la Kiswahili.

Wambui akasema, "Mama huyu ni mwoga. Angewaketisha meza moja kama watu wazima, mwenye kukasirika akasirike." Mama Furaha akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Kitambaa ndicho alichokuwa nacho. Kile anachoweza kukifunika amekifunika. Kusukuma meza si kazi yake." Wakaanza kubishana, huyu anasema mama, yule anasema sheria za kanisa lao.

Ghafla bisibisi ikaanguka jikoni. Baba Neema alikuwa amesimama, uso umemwiva, akasema kwa sauti kubwa, "Mnabishana nini kuhusu mama? Huyo baba anangoja nini? Si asukume meza! Mtoto yuko hapo mbele yake! Asukume meza, jamani!"

Mimi nilitazama kitabu, Wambui alitazama kikombe, Mama Furaha aliinamisha kichwa na midomo yake ikawa inatembea bila sauti, najua alikuwa anaomba. Hakuna aliyesema, "Na wewe je?" Haki ya Mungu, hakuna! Nilitaka kusema, neno lilikuwa limefika mdomoni, na nikasikia mkono wa Mama Furaha umenibana goti. Baba Neema akaokota bisibisi. Akasimama nayo kidogo. Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole.

Zikapita siku kadhaa. Neema alikuwa ameshajifungua, na mtoto nilikuwa nimemwona kwenye simu tu, kwa kuwa baridi ile si ya kumtoa mtoto mchanga kwenye maegesho. Siku moja tukiwa tunakunja nguo, Baba Neema akasema, "Mwambie Neema Jumapili tutapita." Nikaacha shuka. Akaongeza haraka, "Kumwona mtoto tu. Sitakula. Mwambie kabisa kwamba sitakula."

Nikampigia Neema, nikamweleza. Tukaenda. Tulipokaribia akaniuliza, "Nyumba yao ni ya rangi gani?" Nikamjibu sijui, Baba Neema, na mimi sijawahi kufika. Tulitafuta namba mlangoni pamoja.

Tukaingia. Neema alisimama na mtoto mikononi, hakuna anayejua aanze kulia nani. Na hapo, wapendwa, ndipo nilipoona. Katikati ya chumba kuna meza yao ya chakula, imeandaliwa. Na pembeni karibu na dirisha kuna meza nyingine ndogo, ya kukunja, imetandikwa vizuri, ina kiti kimoja, maua na glasi ya maji.

Baba Neema aliitazama ile meza. Akauliza, "Nani ameweka hii?"

Erik alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Neema akajibu badala yake: "Ni yeye, Baba. Nilimwambia kwamba mzazi hali kwa mkwe, wala haketi naye meza moja, kabla ya utaratibu. Akasema hata kama hutakula, uwe na mahali pako pa heshima."

Nilimsikia mume wangu akivuta pumzi. Yule kijana, ambaye hakuna aliyekuja kwetu kwa niaba yake, alikuwa ameishika desturi yetu bila kufundishwa na mzee yeyote, na ameitandika kwa maua! Kati ya meza na meza kulikuwa na nafasi ya mtu kupita. Na hawakuwa na kitambaa cha kuifunika.

Baba Neema akavua kofia. Akaishika ile meza ndogo kwa mikono miwili akaanza kuisukuma. Glasi ikaanguka, maji yakamwagika kwenye zulia, hakujali. Miguu ya meza ilikwaruza sakafu, na sauti ile ilikuwa tamu kwangu kuliko kwaya yetu, mnisamehe wanakwaya. Aliisukuma mpaka ikagonga ile nyingine. Akasema, "Erik. Kaa." Kisha akamgeukia Neema, akafungua mikono, na binti yangu akaingia pale yeye na mtoto wake. Baba Neema akalia. Mimi nimeolewa naye muda wote huu sikuwahi kuona machozi yake, hata tulipomzika mama yake!

Na alikula! Alikula ugali na kuku wa Neema, akala na vile viazi vya kuoka vyenye nyama ya kusaga vya watu wa huku, alivyopika Erik. Akaongeza sahani. Mtu aliyesema mwambie kabisa sitakula!

Bwana hakuishia hapo. Neema aliwaeleza wazazi wa Erik habari za hodi, nao wakashangaa, wakasema mbona hatukuambiwa? Wakaja hapa Brooklyn Center wamevaa nguo za kanisani, na pai ya tufaha mkononi. Baba yake Erik alisimama nje ya mlango wetu akaita "Hodi!" kwa sauti ya kuita ng'ombe, majirani wakachungulia. Baba Neema alichelewa kufungua kwa sababu alikuwa anacheka huku anajifuta macho. Heshima aliyoingoja kwa hasira ilikuja alipoacha kuingoja. Mimi siwezi kulieleza hilo. Naogopa tu mbele za Mungu wa namna hii, anayepita kwenye kitabu cha mapenzi chenye farasi kwenye jalada.

Kundi letu tulikimaliza. Wambui anasema mwisho umekolea sukari. Mama Furaha anasema ni kitabu kizuri, wapunguze taa. Baba Neema, mkimuuliza, atawaambia yule mzee wa kwenye kitabu alichelewa sana.

Basi nashukuru. Namshukuru Mama Furaha kwa kunibana goti. Namshukuru yule bibi, ambaye hakujua amebeba nini. Na wewe uliyekaa hapa leo, mwenye mtoto huongei naye, au uko katikati kama nilivyokuwa, unatandika kitambaa kila siku na hakuna anayejua, nakusihi, mtumaini Bwana. Endelea kutandika. Usimchagulie njia, kwa sababu mimi nilimpelekea wachungaji wawili na yeye akaleta Waamishi.

Sasa mtazameni Baba Neema pale mwisho karibu na mlango, Neema na Erik wako pembeni yake. Hajaketi mbele leo, na amenikataza kupiga kelele, kwa sababu mjukuu wake amemlalia kifuani. Simameni tumwimbie Bwana. Ila polepole, wapendwa, mtoto asiamke.