Kidole cha Salvina

Pale Omurushaka, ubavuni mwa duka la mbolea, pana benchi refu linalotazama mahali mabasi ya Bukoba yanapogeuzia. Vero huuza kahawa hapo tangu kunapokucha, na benchi lina wenyewe watatu: Cleophace fundi redio, anayeitwa Injinia, Elipidius wa bodaboda, anayeitwa Sheria tangu siku alipotoa ushahidi mahakama ya mwanzo, na mzee Nolasco, ambaye kwa jinsi anavyoyatoa maneno kama mtu anayechambua mchele, wamembatiza Polepole. Tangu amzike mkewe Salvina, mzee huja moja kwa moja kutoka misa ya asubuhi, akakaa pembeni na rozari mkononi. Siku hiyo hata kahawa hajaionja, simu yake ikaita.

Vero alichungulia kioo cha simu.

— Mungu wangu, namba hiyo! Ndiyo ya yule mwalimu wa uongo aliyeniliza wiki iliyopita, eti mwanangu kaanguka shuleni!

— Pokea, mzee, weka sauti kubwa, Injinia alinong'ona. — Mvute tu. Akiwa na wewe, hawezi kumwibia mwingine.

— Kudanganya... siwezi, alisema Nolasco.

— Nani kasema udanganye? Msalimie. Salamu zako zile zile.

Walicheka, maana salamu za Nolasco zilishawahi kumfanya mtu aachwe na basi.

— Shikamoo mzee! Sauti ilikuja mbio mbio. — Mimi mwalimu wa zamu, mwanao amezidiwa...

— Marahaba... mwanangu. Umeamkaje?

— Salama, sasa mzee...

— Na nyumbani... hawajambo?

— Hawajambo! Mzee, mtoto...

— Wazazi wako... wangali hai?

— Wapo, mzee. Huku hospitali wanataka...

— Tumshukuru Mungu. Na migomba kwenu... mnyauko haujaifikia?

Sheria alificha uso ndani ya helmeti, mabega yakimtikisika. Injinia hakucheka, vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwenye simu yake.

— Nimemmaliza, alinong'ona. — Namba yake nimeitupa kundi la wakulima wa kahawa, la wenye maduka, na lile la Kyerwa. Nimeandika: mwizi huyu, mpigieni mpaka simu iyeyuke.

Nolasco alifunika simu kwa kiganja.

— Injinia. Umeuliza... namba ni ya nani?

— Ya mwizi!

— Na kama laini ni ya mtu mwingine? Tutakuwa tumemuumiza... asiyehusika.

— Waitu, jamani mzee, wasiwasi wa nini? Najifanya namtumia hela, jina linatokea, naghairi. Ona.

Akabonyeza. Akasoma. Akakisogeza kioo karibu na pua, akasoma tena, kisha akampa Sheria. Sheria akampa Vero. Vero akaweka birika chini.

— Mimi nilikuwa nalia, alisema. — Jina lilitokea, nikatuma hela bila kulisoma.

Nolasco alinyoosha mkono, akapewa simu. Pale kwenye kioo paliandikwa SALVINA NOLASCO.

— Mzee? Upo, mzee? ilisema ile sauti kutoka kwenye simu yake aliyoilaza gotini. Simu ikakatwa.

— Labda majina yamefanana tu, alisema Vero.

— Ni mnara wa simu, alisema Injinia. — Jina la mama limo kwenye simu ya mzee. Mnara umechanganyikiwa, ukalichukua huko ukambandika aliyepiga.

— Mnara una macho? Sheria alidakia. — Tuongee kisheria. Mzee, cheti cha kifo umechukua?

— Bado.

— Basi! Kisheria mama hajafa. Ana haki ya kupiga simu.

— Kwa sauti ya mwanamume? aliuliza Injinia.

— Huko aliko tunajua sauti zinatolewaje? Mimi nauliza tu. Mzee, mlihakikisha kabisa kwamba kwenye jeneza...

— Sheria, nitakumwagia hii kahawa! Vero alimkatiza.

— Rozari... nilimfunga mkononi mimi mwenyewe, alisema Nolasco.

Moyoni alikuwa anautazama ule mkono wa Salvina. Aliuona ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa kijana aliyekuwa akiuza laini za simu, siku Salvina aliposajili yake, zamani kidogo. Kidole hakijasoma, mama, rudia, kijana alimwambia. Salvina akarudia. Bado, mama, rudia tena. Akarudia huku akicheka, akisema jembe limekila kidole chote. Nolasco alikuwa amesimama kando, amekumbatia kuku wa kuuza, akikionea huruma kile kidole.

— Kilisoma, alisema sasa. — Kilisoma... tangu mara ya kwanza.

Vero ndiye aliyeelewa kwanza: kila Salvina aliporudia kidole, kijana alikuwa akisajili laini nyingine kwa jina lake, za kuwauzia wezi.

— Injinia, futa ule ujumbe!

— Nimefuta! Lakini walishaipeleka mbele. Iko Kayanga, iko mpaka Murongo huko!

— Andika kwamba siye yeye.

— Siye yeye nani? Nikitaja jina, ndiyo nimelitangaza. Nisipolitaja, watalisoma wenyewe.

Basi kutoka Kyerwa lilisimama. Alishuka mama mmoja na furushi la maharage, simu mkononi, akaja mpaka benchini.

— Hamjambo hapa. Natoka Bugomora, naitwa Mackrine. Samahani, kuna namba ya mwizi inazunguka, wanasema imetumwa kutoka hapa, nami alinipigia jana, nikaangalia jina. Huyu Salvina Nolasco anakaa wapi?

Sheria akavaa helmeti, ingawa hakuwa na abiria. Injinia akainama kutafuta kitu chini ya benchi. Vero akainua birika amimine, likatoa matone mawili.

Nolasco alisogea, akapangusa mbao kwa kiganja.

— Kaa kwanza, mwanangu. Umeamkaje?

— Salama, mzee. Shikamoo.

— Marahaba. Nyumbani... hawajambo?

— Hawajambo.

— Wazazi?

— Wapo, mzee.

— Tumshukuru Mungu. Na migomba...

Hapo akakwama, kwa maana kwenye migomba yake ndiko alikomlaza Salvina.