Mama Pete na Somo Alilotaka Kulisahihisha

Marehemu mama yetu, mwalimu wa kemia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa mshona viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na nyumba yao, kisha sekondari ya bweni, na kuhitimu chuo cha ualimu mwaka 1984.

Alifundisha miaka thelathini na sita katika maabara ileile yenye sinki lililoziba. Wanafunzi walimwita Mama Pete, maana hakumaliza kipindi bila kuchora ubaoni pete ya kaboni sita. Mwaka 1987 aliolewa na baba yetu, fundi seremala, ambaye husimulia: "Nilimuuliza anataka pete gani. Akasema, 'Ya pembe sita.' Nikajua nimekwisha."

Mwaka 1998 aligundua jambo lililomnyima raha. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amefundisha kwamba benzini, kemikali ya ile pete yake, hurukaruka kati ya michoro miwili; mara vifungo maradufu vya kaboni viko hapa, mara kule. Sivyo. Hairuki kamwe. Elektroni zinazounda vifungo hivyo si za kaboni mbili mbili. Zimetandaa pete nzima, na vifungo vyote sita ni sawa. Michoro miwili ni udhaifu wa kalamu zetu. Akaanza kuwaandikia wanafunzi wa zamani, mmoja mmoja: "Nilikudanganya bila kujua. Nisamehe." Wengi hawakujibu. Muuza matairi mmoja alijibu: "Mwalimu, mimi hata huo uongo sikuuelewa." Mama alicheka, kisha akalia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uvimbe wa koo alituficha hadi Januari mwaka jana, maji yakiwa yamezidi unga. Sauti ilipokatika, alichora kwenye maboksi ya dawa. Mimi, bintiye wa kwanza, ndiye niliyemuuguza. Alichora pete, akaandika: "Nieleze."

"Inaruka, mama, ila haraka sana."

Alifumba macho. Akaikata, akachora nyingine. Mara nne. Mara ya tano nikasema, "Haya, nimeelewa." Alinitazama, akijua nadanganya. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 6 mwezi huu, saa nne asubuhi.

Nilielewa jana, nikiandika haya. Nilisimama jikoni nikamwita, kama mwendawazimu.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, na wanafunzi wengi ambao barua hazikuwafikia. Kama ulifundishwa naye kabla ya 1998, nakusihi, usiondoke hapa msibani kabla hatujaonana.

Mungu ampe utulivu ambao sisi tulishindwa kumpa.