Lango Lililomkaribisha Nyumbani

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, na salamu za heri kwa ndugu zetu wa imani nyingine.

Mheshimiwa Lurah, mkuu wa kata yetu, Pak Haryoto, uliyefika mapema kuliko sisi wenyeji. Mwenyekiti wetu mpya, Pak Darsono, ambaye baada ya hotuba hii kiti ni chako na kelele zake ni zako. Mas Reynaldi, mwakilishi wa kampuni iliyotuletea lango hili linalosoma nyuso. Wazee wetu, kina mama wa jikoni, vijana mliopanga viti. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe pia unayetutazama kutoka juu ya nguzo. Sijui cheo chako, kwa hiyo nimekuweka mwisho.

Naomba radhi mapema kwa upungufu wa maneno yangu. Mimi Kustiyah nimekuwa mwenyekiti wa mtaa huu muda mrefu kiasi kwamba watoto niliowafukuza mtaroni leo wana wake zao. Nimeitwa kuwaaga, na kabla ya kuaga nimeombwa nibonyeze kitufe hiki kilichofungwa utepe. Nimeambiwa hotuba iwe fupi na ya furaha. Ufupi nitajaribu.

Wengi mnajua nilifanya kazi gani kabla ya haya. Nilikaa kwenye bodi ya simu pale mjini Semarang, enzi za kuunganisha watu kwa waya na mkono. Ukishawaunganisha, unavua kisikilizio. Ndiyo ilikuwa sheria, na msimamizi alipita nyuma ya viti vyetu mchana kutwa kuhakikisha. Mnadhani kwa nini alipita? Alijua utamu wa kusikiliza. Mtu akiniambia ana masikio yanayofika kila nyumba lakini hayatumii, simwamini, maana kiti hicho nimekikalia. Basi nauliza, na sijajibiwa tangu lango hili lianze majaribio: huyu wa juu ya nguzo, nani anapita nyuma ya kiti chake?

Pak Darsono, sikulaumu, na nalisema mbele ya watu ili lisije kugeuzwa kesho. Uliona wazee wamepanga foleni juani ili lango liwapige picha, ukawahurumia. Ukasema, wasimame kwa nini, wakati picha zao tunazo? Ukakusanya picha zote za kundi letu la simu, za usafi wa mtaa, za maulidi, za harusi, ukaikabidhi kampuni. Ilikuwa huruma, na sote tulikushukuru, mimi nikiwa wa kwanza.

Hasa zile za harusi. Nani hapa hana picha ya harusi? Kwetu mtu hatoki kwenye karamu bila kupanda jukwaani na kusimama ubavuni mwa maharusi, hata kama bibi harusi hamjui na alifuata mishikaki ya sate tu. Ndugu wa karibu wanagawiwa batiki ya sare, kitambaa kimoja kuanzia bibi hadi kitukuu. Mnacheka, chekeni, ndivyo tulivyo. Mtambo wa lango haukucheka. Ulisoma kila uso, na ukajiamulia kwamba waliovaa kitambaa kimoja ni wakazi wa nyumba moja. Nilimuuliza Mas Reynaldi nani aliufundisha hivyo. Akaniambia hakuna, umejigundulia wenyewe, na akalisema hilo kwa fahari, kama baba ambaye mwanawe amesema neno la kwanza.

Sasa niwaambie kwa nini mimi sikuona fahari. Mtaani kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja. Jina lake silitaji, wanaomjua wanamjua. Alikuja kwa shangazi yake, Bu Tumini, na kifurushi cha nguo na mkono uliovunjika, akimkimbia mume. Hatukufanya mkutano juu yake. Nilikwenda pale kwenye kibanda cha ulinzi, nikamwonyesha Pak Jumadi picha ya yule bwana mara moja, nikairudisha mfukoni. Pak Jumadi akaweka chini domino zake, akasema, "Huyu hapiti, Bu." Basi. Na hakupita. Alikuja mara kadhaa, na kila mara alikuta wanaume wanne, kahawa, na swali moja tu la heshima: unakwenda kwa nani, Pak?

Kisha lango likaja, tukamwambia Pak Jumadi apumzike nyumbani. Kibanda chake ndicho sasa kinachohifadhi mtambo. Domino zake ziko kwangu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana kweupe. Kina mama walikuwa wamejaa jikoni kwa Pak Jumadi, wanapika karamu ya miezi saba ya ujauzito wa mkwewe, na mwenzetu alikuwa nao, mikono imejaa unga. Yule bwana akaja na pikipiki. Lango likamtazama, na likafunguka. Tena likamtaja jina lake kamili na kumwambia, karibu nyumbani. Nyumbani! Zamani, kabla ya mabaya yote, alikuja kwenye harusi ya binti wa Bu Tumini, akavishwa batiki ya sare kama mkwe wa familia, akasimama jukwaani, akapigwa picha, ikatumwa kundini pamoja na jina na namba yake ya simu. Kwa lango letu, huyo ni mtu wa nyumba ya Bu Tumini.

Alikuta nyumba imefungwa, akafuata harufu ya vitunguu. Bu Tumini akamwona kwanza, akasimama mlangoni na upawa wake. Bu, naomba radhi, maneno yako nayarudia kama nilivyoyasikia.

"Mgeni gani huyu anaingilia jikoni?"

"Shangazi, mimi si mgeni. Hata lango lenu linanijua."

"Basi kale na lango."

Akina mama wakatoka mmoja mmoja wakajipanga nyuma yake, huyu na kisu cha vitunguu, yule na mfuniko wa sufuria. Akaondoka. Lango likamuaga kwa jina.

Sikucheka siku ile. Niliogopa, na bado naogopa. Kwa sababu alishaiona sura aliyoitafuta, nyuma ya mvuke wa sufuria, na tangu hapo akawa anakaa pale kona, kwenye kibanda cha supu ya soto, anakula taratibu. Siku moja mwenzetu hakuwapo tena. Yuko wapi? Najua mimi tu. Hata Bu Tumini aliniomba nisimwambie, kwa kuwa hajui kudanganya.

Nilikwenda kwa Mas Reynaldi. Kijana mpole, alinikaribisha chai. Nikamwomba amfute yule bwana na amfute mwenzetu. Akaniambia inawezekana: nimletee picha zaidi za wote wawili, nakala za kitambulisho, karatasi za mahakama, na maelezo ya ugomvi wao, ili mtambo uelewe. Nikamwambia, mwanangu, yaani ili afichwe lazima kwanza aanikwe? Akasema ndio utaratibu. Nikamuuliza hayo yote yatakaa wapi. Akasema kwenye wingu. Mimi ni mtu wa Semarang, mji wa mafuriko. Kilichopanda mawinguni nimeshakichota kwa ndoo sebuleni kwangu.

Mtasema, kwani siri zetu hazikuwa zikivuja zamani? Zilivuja. Nimewahi kununua tempe, ile soya ya kukaanga, pale barabarani, nikaifungua, nikakuta imefungwa kwa nakala ya kitambulisho cha Pak Darsono. Uso umejaa mafuta, lakini tarehe ya kuzaliwa inasomeka, na tangu siku hiyo najua alivyojipunguzia miaka. Lakini ile niliitia jikoni ikaungua. Hii ya leo niitie jiko gani? Sheria ya kulinda taarifa za mtu tunayo, nimeisoma. Inanipa haki ya kuomba nifutwe. Nimeomba. Nimejibiwa kwa barua iliyoandikwa vizuri sana na mtambo, ikinishukuru kwa kuwa mkazi mwaminifu.

Na lango ni la bure. Mheshimiwa Lurah, tangu lini? Muuza soto akinipa bakuli la bure leo, nitashukuru. Akinipa kila siku, nitauliza anachukua nini nyumbani kwangu ninapokuwa nakula.

Nakaribia mwisho. Wiki iliyopita nilipata ujumbe kwenye simu yangu, kama mwenyekiti. Ulikuwa na picha ya mwenzetu na jina lake lote. Uliandikwa hivi: mkazi huyu hajaonekana kwa muda. Je, tumtafute? Chini yake kulikuwa na neno moja la kugusa: ndiyo. Hapakuwa na la hapana.

Nikamuuliza Mas Reynaldi watamtafutaje. Akanieleza vizuri, kwa subira. Kitufe hiki cha utepe, kikibonyezwa leo, kinaliunganisha lango letu na malango ya mitaa yote inayohudumiwa na kampuni, na aliyeonekana kwenye lango moja ataonekana kwa yote. Ameniambia tutafurahi, kwa sababu kila nyumba itapata taarifa ya watu wake walipo. Kila nyumba. Nikakumbuka ni nani ameandikwa mtu wa nyumba ya Bu Tumini, na namba ya simu ya nani iko pale.

Pak Darsono, ndugu zangu, nimebonyeza na kuunganisha watu maisha yangu yote. Kazi hiyo naijua. Hiki sikibonyezi.

Kiti nakukabidhi, Pak Darsono, na mkasi wa utepe huu hapa. Kitufe kipo. Ukiona kinafaa, kibonyeze kwa kidole chako, lakini ukifanya hivyo mtazame Bu Tumini, ameketi mstari wa pili, kando yake kuna kiti kitupu. Na Pak Jumadi, domino zako nimezileta, ziko kwenye mkoba wangu. Ukizihitaji jioni hii, mimi nitaleta kahawa.

Nawashukuruni kwa miaka yote mliyonivumilia. Nakushukuru Mheshimiwa Lurah kwa kutotazama saa. Asanteni nyote mlionisikiliza kwa masikio yenu. Anayenisikiliza kwa njia nyingine, huyo simshukuru, na namwomba avue kisikilizio.