Apolline wa Wamaza, Mpishi wa Chuma na Aseniki

Ndugu zetu mliofika kwa pikipiki, kwa baisikeli na kwa miguu, asanteni kwa kutuzunguka. Mimi Clovis, mdogo wake, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na nitayasoma kifua mbele, kwa maana huyu aliyelala hapa alishinda.

Marehemu Apolline alizaliwa Wamaza tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa tatu wa mzee Gaston na mama Régina, wakulima wa mpunga na mihogo. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari kwa masista wa Kasongo, ambako vita vilimkatiza masomo lakini hakukata tamaa, akapata diploma ya taifa mwaka 2001, akasomea fizikia Lubumbashi, na mwaka 2009 akaenda Liège, Ubelgiji, kutafuta shahada ya udaktari wa fizikia.

Huko alitengeneza fuwele za chuma na aseniki, ambazo, kama alivyotueleza mwenyewe, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila atomu ya chuma ikizungukwa na nne za aseniki, na zikichanganywa na madini mengine kwa kipimo chake na kupozwa kwa baridi ambayo mkoa wetu wa Maniema haujawahi kuiota, umeme hupita ndani yake bila kizuizi chochote. Alizipika katika bomba la kioo lililozibwa, akiacha tanuru lipoe polepole, nyingi zikapasuka, yeye akaanza upya, mpaka tarehe 9 Juni 2014 alipotetea tasnifu yake kwa fuwele safi iliyobanduka tabaka kwa tabaka, na walimu wake wakasimama kumpigia makofi.

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa kanisani Kasongo na Placide, mwalimu wa hisabati, wakajaliwa Naomie mwaka 2013 na Gaston, mwenye jina la babu yake, mwaka 2016.

Agosti 2015 alikuja Wamaza kwa sherehe ya shukrani, akapika mwenyewe, na kwa kuwa dada yetu hakujua kuficha jambo, alisimama akaeleza kwamba kazi yake Ulaya ni kupika chuma pamoja na aseniki, ile sumu. Jamani, kwetu mpishi hataji sumu sahani zikiwa mbele ya wageni! Baba mdogo Bulaimu, mchimbaji wa Lusangi, alisukuma sahani yake, akasema, "Mutoto wetu anapika sumu. Chakula ya mukono yake, tusikule tena." Watu waliondoka na njaa zao, na tangu hapo kila likizo Apolline alipika akala na mama peke yao, naye alilia sana kwa jambo hilo, kuliko alivyolilia fuwele zilizopasuka.

Julai 2019 alikwenda Lusangi kumsalimia baba mdogo huyo huyo, akawakuta watoto wa pale wanaumwa tumbo na ngozi zao zimebadilika, na hewani kunanuka kitunguu saumu wakati hakuna aliyekuwa akipika. Wachimbaji walikuwa wakichoma mawe yao kwenye majiko ya chakula ili wapate dhahabu iliyomo. Apolline aliokota jiwe moja la kijivu, akaligonga, akanusa kitunguu saumu kile kile, ambacho ndicho harufu ya aseniki, akasema, "Baba, sumu iko hapa, ndani ya jiwe yako." Moto ukazimwa, mawe yakahamishwa mbali na visima, watoto wakapelekwa hospitali, na wote wakapona, hata mmoja hatukumzika. Jioni ya siku ile ya jiwe, Baba Bulaimu aliketi akala ugali wa mkono wa Apolline, akaomba aongezewe, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Liège, akaomba kurudishwa nyumbani, na tarehe 3 Mei 2025 akafariki Kasongo akiwa na miaka 44. Ni saratani, si sumu, wenye midomo watusikie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa huku na wa kule, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake wa maabara waliotuma salamu, na wachimbaji wa Lusangi waliobeba jeneza zamu kwa zamu. Kaburi lake liko pembeni ya kaburi la babu yetu, mahali ambapo Baba Bulaimu alikuwa amejiwekea mwenyewe, naye amesema yeye atatafuta pengine.

Pumzika kwa amani, dada, kati ya watu wako.